Simu iwe daftari: mwongozo wa duka, genge na meza ya samaki Tanga

Chukua gunia la mchele la kilo 100 lililoingia dukani Ngamiani kwa sh. 260,000. Mkokoteni umelipwa 3,000, mpakuaji 1,000. Kila kilo basi imefika dukani kwa 2,640, nawe unauza 2,800. Kichwani unajua gunia likiisha una faida ya 16,000. Lakini kilo 2 zimepotelea kwenye mizani na vumbi la chini ya gunia, na kilo 3 wamekopa majirani bila kuandikwa. Umeuza kilo 95, umepata 266,000. Faida ya gunia zima ni sh. 2,000, na hujalipa kodi ya fremu wala umeme. Tarakimu hizi ni za mfano. Weka za kwako uone.

Teknolojia inaisaidia biashara ndogo pale inapokuonyesha ile 14,000 ilikokwenda. Wengi huanza upande wa pili: wanafungua ukurasa, wanalipia tangazo, wanapiga picha za bidhaa, kabla hawajajua bidhaa ipi inawalipa na ipi inakula mtaji. Wateja wakiongezeka kwenye bidhaa inayokula mtaji, duka hufa haraka zaidi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na hesabu, unafuata malipo, na wateja wanakuja mwisho. Usiruke.

Vifaa

Simu janja moja yenye RAM ya GB 3 au 4 na hifadhi ya GB 64 inatosha. Chini ya hapo WhatsApp yenyewe itaijaza kwa picha ndani ya miezi michache, na simu iliyojaa huganda wakati mteja amesimama kaunta. Ongeza kiswaswadu, yaani simu ndogo ya vitufe, cha laini ya malipo. Hiki kinakaa dukani siku zote. Ile simu janja inaweza kwenda sokoni au mwaloni na mwenye duka, malipo yakaendelea kupokelewa. Power bank ya mAh 10,000 huijaza simu ya kawaida mara moja na kitu, kwa siku umeme ukikatika.

Hewa ya bahari ni adui wa tundu la chaji. Anayeuza samaki Deep Sea au Sahare aiweke simu kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu. Kioo kinaguswa vizuri tu juu ya plastiki. Simu ikiloa maji ya chumvi, izime kwanza. Kuichomeka kwenye chaji ikiwa mbichi ndiko kunakoiua.

Kompyuta na programu za kulipia za mauzo ziache kwanza. Zina maana duka likiwa na bidhaa mamia na wauzaji zaidi ya mmoja.

Hatua ya kwanza: jedwali la kila siku

Pakua Google Sheets, ni ya bure, na uifungulie akaunti ya barua pepe ya duka, isiwe ya mtoto wala ya fundi simu. Hilo la fundi tunalisisitiza: duka likifunguliwa akaunti kwa namba ya mtu mwingine, siku ya kupoteza simu kumbukumbu zote hubaki mikononi mwake. Kwenye faili lako washa matumizi bila intaneti, ili uandike hata bando likiisha; likirudi litajipandisha lenyewe.

Andika vichwa nane kwenye mstari wa kwanza. A Tarehe, B Aina, C Bidhaa, D Kiasi, E Bei, F Jumla, G Njia, H Mteja. Kwenye F2 weka =D2*E2 kisha ikokote kushuka chini. Safu ya B ina maneno sita tu: Mauzo, Manunuzi, Matumizi, Deni limelipwa, Nyumbani, Wakala. Safu ya G ina matatu: Taslimu, Simu, Mkopo. Maneno hayo yatengenezee orodha ya kuchagua, usiyaandike kwa mkono kila mara. Sababu ni hii: ukiandika "Mauzo" leo na "Mauzo" yenye nafasi tupu mwishoni kesho, fomula huyaona kama maneno mawili, na mauzo ya kesho hayatahesabiwa. Bidhaa nazo ni hivyo hivyo. "Unga sembe" na "sembe" ni vitu viwili kwa kompyuta.

Pembeni, tuseme kwenye J1, weka =SUMIF(B:B,"Mauzo",F:F). Hiyo inajumlisha mauzo yote. Kwa mauzo yaliyopita kwenye simu peke yake, =SUMIFS(F:F,B:B,"Mauzo",G:G,"Simu"). Simu ikikataa fomula, jaribu kuweka nukta mkato mahali pa mkato. Baadhi ya mipangilio ya lugha hudai hivyo.

Makosa matatu yanarudi kwa karibu kila anayeanza. La kwanza ni kuandika "kg 3" au "sh 2,800" ndani ya kisanduku cha namba. Ukishaweka herufi, hesabu inakataa. Andika 3 na 2800 peke yake. La pili ni tarehe: mipangilio ya Kimarekani hutanguliza mwezi, hivyo 3/4 uliyoiandika kwa Aprili inakuwa Machi. Badili eneo kwenye mipangilio ya faili kabla hujaandika mstari hata mmoja.

La tatu ndilo baya zaidi. Mteja amekopa sukari ya 6,000 Jumatatu, ukaandika Mauzo kwa Mkopo. Ijumaa analipa, ukaandika tena Mauzo. Sukari moja imeuzwa mara mbili, na mwisho wa mwezi jedwali linakupa faida isiyokuwepo. Anapolipa, andika "Deni limelipwa".

"Nyumbani" ni kwa chochote familia inachochukua, pesa au bidhaa. Hakuna ubaya duka kulisha nyumba, ndiyo kazi yake. Ubaya ni kuchukua bila mstari, halafu mzigo ukipungua ukamshuku kijana wa dukani.

Hesabu ya jioni

Hii ndiyo roho ya kazi yote, na inachukua dakika kumi kabla ya kushusha shata. Anza na pesa iliyokuwa kwenye droo asubuhi. Ongeza mauzo ya taslimu na madeni yaliyolipwa kwa taslimu. Toa manunuzi na matumizi ya taslimu, toa pesa iliyokwenda nyumbani, toa uliyopeleka kwa wakala. Kinachobaki ndicho kinachotakiwa kuwemo.

Mfano: asubuhi 20,000 ya chenji. Mauzo ya taslimu 148,000. Deni lililolipwa 6,000. Bando, mifuko na chakula cha mchana 9,000. Kwa wakala 100,000. Droo inatakiwa iwe na 65,000. Ukihesabu ukapata 61,500, pungufu ni 3,500, na unaitafuta jioni ile ile wakati kila mtu bado anakumbuka. Angalia kwanza mauzo ya mkopo yaliyoandikwa taslimu. Halafu mauzo ya simu yaliyoandikwa taslimu. Halafu nauli ya bajaji au sadaka iliyotoka bila kuandikwa. Chenji iliyozidishwa iwe ya mwisho, na wizi baada ya hapo. Ukiruka mpangilio huu utamtuhumu mtu bure.

Pungufu usiifiche kwa kupachika namba ili hesabu ilingane. Iandike kama ilivyo. Baada ya wiki nne utaona kama inatokea siku fulani tu au mtu fulani akiwa zamu.

Siku ambazo wateja wamesongamana na huwezi kuandika kila robo kilo, usijilazimishe. Bidhaa ndogondogo kama viberiti, pipi na vocha zijumlishe jioni mstari mmoja, "Rejareja". Mchele, unga, sukari, mafuta na vyote vyenye bei kubwa viandikwe kimoja kimoja.

Kuhesabu mzigo

Chagua bidhaa kumi zinazobeba pesa nyingi, uzihesabu kila Ijumaa kabla ya kufungua au Jumapili jioni. Uliokuwa nao mwanzo wa wiki, jumlisha ulionunua, toa uliouza na uliokwenda nyumbani: ndiyo idadi inayotakiwa rafuni.

Jedwali hilo hilo linakuambia lini uagize. Zidisha mauzo ya siku kwa siku za kusubiri mzigo, kisha ongeza akiba. Ukiuza paketi 6 za unga kwa siku, mzigo ukachukua siku 2 kufika, na ukitaka akiba ya siku 2, basi zikibaki 24 piga simu. Ukisubiri zifike 5, utakaa na rafu tupu siku moja na zaidi, na mteja aliyekwenda duka la jirani kwa unga hununua na sabuni huko huko.

Kwa wanaouza samaki na dagaa, ongeza safu ya I, "Mwezi na maji", uandike giza au mbalamwezi, bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo). Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali samaki hawakusanyiki kwenye taa, na bei mnadani hupanda. Mchuuzi yeyote wa Tanga anajua hili kwa uzoefu. Jedwali linampa kiasi: kwa wastani ndoo ilipanda shilingi ngapi wiki ya mbalamwezi, na je, alipata faida au alizunguka bure? Baada ya miezi mitatu ana mizunguko mitatu ya kulinganisha, na anaweza kuamua kukausha dagaa wengi wiki ya giza ili auze wiki ya uhaba. Upepo nao, kusi au kaskazi, uandike. Kusi likivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki.

Jambo moja huwapotosha hata wenye jedwali zuri. Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, 2026 wiki ya tatu ya Februari. Muuza tende, tambi, nazi na mihogo akilinganisha Machi na Machi atadhani biashara imeporomoka. Linganisha Ramadhani na Ramadhani, wiki ya kwanza na wiki ya kwanza. Kwa muuza kanga na viatu vya watoto, kumi la mwisho lina hesabu yake peke yake.

Hatua ya pili: malipo ya simu

Pokea malipo kwa Lipa Namba, yaani namba ya malipo ya biashara, si kwa namba yako binafsi. Mchango wa harusi, ada ya mtoto na pesa ya mchele zikiingia kapu moja hutazitenganisha tena. Pia jina la biashara hutokea kwa mteja anapolipa, naye ana uhakika hajakosea. Nenda kwenye duka la mtandao wako au kwa wakala mwenye kusajili, ukiwa na kitambulisho cha NIDA, na uulize kama daraja lako linahitaji TIN (namba ya mlipakodi) na leseni. TIN hutolewa bure na TRA, mamlaka ya mapato. Kabla ya kusaini uliza mambo matatu: nani anakatwa, mimi au mteja, kutoa pesa au kuihamishia benki ni kiasi gani, na mteja wa mtandao mwingine atalipaje. Miamala kati ya mitandao na benki hupitia TIPS, mfumo wa Benki Kuu, lakini makato mteja atakayoyaona yanategemea mtandao wake.

Makato yaandike kama Matumizi. Kwenye ule mchele wa mfano, faida ya kilo ni 160. Makato yakila 100 katika kuuza kilo moja, umefanya kazi ya 60. Kwa mauzo madogo sana taslimu bado ina nafasi yake.

Mteja akikuonyesha kioo cha simu yake kwamba ametuma, usikiamini kioo. Subiri ujumbe kwenye kiswaswadu chako. Ujumbe wa kughushi mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida badala ya jina la huduma, lakini jina nalo huigwa. Kipimo cha mwisho ni salio: ingia kwenye menyu uone limepanda. Mzigo mkubwa, mathalani kreti za soda au gunia zima, usitoke mpaka salio lisome.

Ujanja mwingine ni wa mtu anayepiga akidai amekosea kutuma, umrudishie. Usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige mtandao wake, nao watashughulikia kwa utaratibu wao. Ukimtumia, na muamala wa kwanza ukarudishwa pia, umelipa mara mbili. Ujumbe wa "ile hela tuma namba hii" upeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli. Na kila baada ya miezi michache piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua iripoti kwa mtandao husika.

Kijana wa dukani aone ujumbe wa kuingia, asijue namba ya siri. Na jioni, jumla ya mistari ya Simu ilingane na jumla ya jumbe za siku hiyo.

Hatua ya tatu: wateja

Sasa unajua bidhaa ipi inalipa. Ndiyo utakayoitangaza.

Weka WhatsApp Business kwenye namba ya duka. Namba moja haikai kwenye WhatsApp ya kawaida na ya biashara kwa pamoja, kwa hiyo usihamishe namba yako ya familia bila kufikiri. Jaza saa za kazi na mahali. Ngamiani ina bahati ya barabara za namba: "Barabara ya 9" pamoja na alama moja ya karibu humfikisha mgeni bila kuuliza. Kwenye katalogi anza na bidhaa kumi, kila moja na bei. Kuandika "bei njoo inbox" kunamfukuza mnunuzi na kukuachia maswali. Mwenye kuuliza bei kumi na kununua sifuri anakula muda wako.

Picha ipige asubuhi mlangoni, mwanga ukiwa upande, bila flashi. Kanga ikunjue doti nzima ili jina lisomeke, maana wengi hununua jina kabla ya rangi. Samaki apigwe akiwa ametoka majini, jicho lionekane. Picha ya mtandaoni ya nguru asiyekuwa wako itakuvunjia jina siku mteja akipokea kibua.

Hali ya WhatsApp (Status) hukaa saa 24. Muuza samaki aiweke vyombo vinapotia nanga, akitaja aina, uzito na bei. Orodha ya matangazo (broadcast) huchukua watu 256, na ujumbe huwafikia waliohifadhi namba yako tu. Kwa hiyo anayenunua kaunta mwombe aihifadhi papo hapo. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Zaidi ya hapo watakuzuia.

Oda ipokee kwa mpangilio mmoja uliohifadhiwa kama jibu la haraka: jina, mtaa, alama, bidhaa, kiasi, njia ya malipo. Makorora, Chumbageni na Raskazone baiskeli inatosha kwa mzigo mwepesi, na Tanga haijaishiwa baiskeli. Mzigo wa Dar kwa basi kutoka Kange ulipiwe kabla haujaondoka, kisha mtumie mteja picha ya risiti ya mzigo, namba ya basi na saa ya kuondoka.

Ulinzi, kwa ufupi

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, ule wa tarakimu sita, na uweke barua pepe ya duka. Msimbo unaokuja kwa ujumbe usimpe mtu, hata akisema ni wa kampuni. Orodha ya wadeni usiirushe kwenye kundi la mtaa. Majina, namba na madeni ya watu ni taarifa binafsi, zinalindwa na sheria ya mwaka 2022, mbali na kwamba aliyeaibishwa harudi kulipa.

Kodi nayo inaguswa na jedwali hili. Kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka wanaotozwa kwa makadirio, madaraja ya chini yana viwango tofauti kwa mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Chapisha jedwali la mwaka, ambatanisha risiti za manunuzi, nenda nazo TRA.

Kupima kama inalipa

Ukifika mwezi wa nne wa kuandika jedwali, ongeza safu ya J, "Kajuaje", kisha hamishia zile fomula za pembeni mbele zaidi. Muulize kila mteja mpya alivyokufahamu: jirani, amepita, WhatsApp, tangazo. Mwisho wa mwezi jumlisha gharama za kidijitali. Tuseme bando 15,000 na tangazo la kulipia 20,000, jumla 35,000. Kama doti moja ya kanga inakuachia 3,000, unahitaji doti 12 zilizouzwa kwa watu waliokuja kwa njia hiyo ndipo gharama irudi, na doti ya 12 inakuachia sh. 1,000 tu. Ukipata 7 kwa miezi miwili mfululizo, acha tangazo, baki na hali na orodha ya wateja. Ukipata 30, ongeza mzigo kabla hujaongeza tangazo, kwa kuwa mteja aliyeona picha, akapanda bajaji kutoka Pongwe na kukuta zimeisha, ni vigumu kumrudisha.